Sikio Linalotoa Usaha: Karne Nyingi za Kutibu Bila Kutazama

Katika maandiko ya tiba ya Misri ya kale yanayojulikana kama Mafunjo ya Ebers, yaliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kuna dawa za sikio linalouma na sikio linalotoa uchafu. Tangu enzi hizo hadi leo ni vigumu kuitaja jamii isiyokuwa na kitu cha kutia sikioni: mafuta ya uvuguvugu, maziwa ya mama, siki, maji ya majani yaliyopondwa. Historia ya ugonjwa huu kwa kawaida husimuliwa kama historia ya dawa: zamani watu walijua mimea na mafuta, kisha wanasayansi wakavumbua antibiotiki, na tatizo likapungua. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaacha jambo kubwa kuliko yote. Ukifuatilia kwa makini nani alipona, nani alidhurika na kwa nini, utaona kwamba kilichotenganisha tiba na madhara katika kila zama ni utambuzi: kujua ugonjwa umekaa wapi, kiwambo cha sikio kizima au kimetoboka, na usaha umeanza lini. Kila mara dawa ilipotangulia utambuzi, hata dawa nzuri iliharibu. Hoja hii si ya kihistoria tu, kwa sababu kosa lenyewe bado linatendeka kila siku katika nyumba zetu, katika maduka ya dawa na hata katika baadhi ya vyumba vya matibabu.

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kuliangalia sikio lenyewe. Sikio la nje ni tundu na mfereji wenye ngozi, unaoishia kwenye kiwambo, ambacho wengi hukiita ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Hilo ndilo sikio la kati. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba ambao mtaalamu wa Italia, Bartolomeo Eustachi, aliueleza katika karne ya 16. Upande wa nyuma, sikio la kati linapakana na mfupa wenye vishimo vya hewa, ule unaogusika nyuma ya ndewe, na juu yake kuna ubongo, ukitenganishwa na utando na mfupa mwembamba tu. Maambukizi ya sikio la nje huanzia kwenye ngozi: maji yaliyokaa mferejini, mkwaruzo wa kijiti, joto na unyevu, kisha bakteria au fangasi. Maambukizi ya sikio la kati huja kwa njia nyingine kabisa: mtoto anapata mafua, mrija unavimba na kuziba, majimaji yanakusanyika nyuma ya kiwambo, na bakteria waliopanda kutoka puani wanayageuza kuwa usaha. Usaha ukizidi, kiwambo hupasuka, maumivu hushuka ghafla na sikio huanza kuvuja. Mzazi anayeona ute kwenye mto wa mtoto hawezi kwa macho yake kujua umetoka mbele ya kiwambo au nyuma yake. Ugumu wote wa historia hii umo katika jambo hilo moja.

Watu wa kale hawakuwa wajinga wa hatari iliyopo. Maandiko yanayohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki yanaonya kwamba maumivu makali ya sikio yakiambatana na homa isiyokoma ni jambo la kutisha, kwani mgonjwa anaweza kuweweseka na kufa. Yanasema pia kwamba vijana hufa mapema kuliko wazee, na kwamba usaha mweupe ukitoka sikioni kuna tumaini. Huo ni uchunguzi wa watu waliokaa pembeni ya vitanda vya wagonjwa na kuhesabu siku. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, naye aliandika kuwa maradhi ya sikio ni ya kuogopwa kwa sababu yanaweza kumfikisha mtu kwenye wazimu na mauti. Tabibu Ibn Sina alitenga sehemu ya kitabu chake, Kanuni ya Tiba, kwa maradhi ya sikio, na elimu hiyo ilienea katika ulimwengu wote wa Kiislamu. Walichokosa wote hao ni njia ya kuona ndani. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takribani sentimita mbili na nusu, umepinda, na ni wa giza. Basi walitibu kwa dalili: maumivu, homa, uchafu unaotoka. Dawa moja ikamwagwa kwa kila sikio, liwe lina jipu la ngozi, fangasi, nta iliyoganda au kiwambo kilichotoboka.

Kwa nini basi dawa hizo ziliaminika kwa maelfu ya miaka? Jibu lake linapatikana katika tabia ya ugonjwa wenyewe. Maambukizi makali ya sikio la kati kwa mtoto mara nyingi huisha yenyewe. Karibu watoto 6 kati ya 10 huwa hawana maumivu tena baada ya saa 24, na wengi wa waliobaki hupata nafuu ndani ya siku chache, hata bila antibiotiki. Kwa hiyo kila aliyetia kitu sikioni usiku aliona matokeo asubuhi, na sifa ikaenda kwa kile alichotia. Wale ambao hawakupona, ambao sikio lao liliendelea kuvuja miezi na miaka, walionekana kuwa na maradhi ya aina yao, ya kurithi au ya kuzoea. Ugonjwa unaopona wenyewe ndio unaozitunza dawa zisizofaa, maana humpa kila mganga, wa jadi na wa hospitali, ushahidi wa uongo kwamba mkono wake umeponya.

Ubaya wa kutibu kabla ya kutambua ulidhihirika wazi ilipofika zamu ya kisu. Mwaka 1736 daktari mpasuaji wa Paris, Jean-Louis Petit, aliufungua mfupa wa nyuma ya sikio uliojaa usaha na mgonjwa akapona. Ilikuwa hatua sahihi kwa mgonjwa sahihi. Lakini habari za upasuaji huo zilipoenea, ulianza kufanywa kwa watu ambao hawakuwa na usaha wowote, kwa matumaini ya kuwarudishia usikivu. Johan Just von Berger, daktari wa mfalme wa Denmark, alikuwa akisumbuliwa na uziwi na mvumo masikioni. Mwaka 1791 alikubali kufunguliwa mfupa huo, na baada ya siku chache akafariki kwa maambukizi ya utando wa ubongo. Kifo chake kiliwatisha wapasuaji wa Ulaya kiasi kwamba upasuaji ule uliachwa kwa miongo mingi. Hasara ikawa mara mbili: mtu asiyeuhitaji aliuawa nao, na wengi waliouhitaji baada yake walikufa kwa kuukosa.

Jambo kama hilo lilimpata daktari mpasuaji Astley Cooper wa London muongo mmoja baadaye. Cooper aligundua kwamba mtu ambaye mrija wake umeziba anaweza kusikia tena iwapo kiwambo kitatobolewa kidogo ili hewa iingie. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 1801, na Jumuiya ya Kifalme ya London ikamtunuku Medali ya Copley. Viziwi wakamiminika kwake kwa wingi, na madaktari wengine wakaanza kutoboa viwambo vya kila asiyesikia, bila kujali uziwi ulitoka wapi. Wengi hawakupata nafuu, baadhi walipata maambukizi, na Cooper mwenyewe akaiacha kazi hiyo kwa sababu waliofaa kutobolewa walikuwa wachache mno. Wazo lilikuwa zuri, na kwa kweli lilikuja kufufuka: mwaka 1954 daktari wa Marekani, Beverly Armstrong, alieleza jinsi ya kuweka kijimrija cha plastiki kwenye kiwambo ili tundu lisizibe, na leo hiyo ni miongoni mwa operesheni zinazofanywa zaidi kwa watoto katika nchi tajiri. Kilichobadilika katika muda huo wa miaka 150 ni kwamba madaktari walikuwa wamejua jinsi ya kumtambua mtoto mwenye majimaji nyuma ya kiwambo na kumtofautisha na kiziwi wa aina nyingine.

Mabadiliko hayo yalianza na kioo. Mwaka 1841 daktari wa mji mdogo wa Burgsteinfurt huko Ujerumani, Friedrich Hofmann, alieleza jinsi ya kutumia kioo kilichobonyea chenye tundu katikati. Kabla ya hapo daktari alitegemea jua liingie moja kwa moja sikioni, na kichwa chake mwenyewe kiliziba nuru. Kwa kioo cha Hofmann, mwanga wa dirishani uliakisiwa hadi ndani ya mfereji, na jicho la daktari likatazama kupitia tundu, likifuata njia ileile ya mwanga. Anton von Tröltsch wa Würzburg alifikia wazo hilohilo kwa njia yake na kulionyesha mwaka 1855, kisha kioo kikafungwa kwenye paji la uso ili mikono miwili ibaki huru. Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi kuliko saa ya mfukoni ya wakati huo, lakini kiligeuza kila kitu. Kiwambo kizima kilionekana chenye rangi ya lulu, kikiwa na doa la nuru linalong'aa upande wa chini. Kiwambo chenye maambukizi kilionekana chekundu, kimevimba, doa lile limetoweka. Kiwambo kilichotoboka kilionyesha tundu lake, kubwa au dogo, katikati au ukingoni. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kusema kwa yakini usaha huu umetoka wapi.

Baada ya jicho kufika ndani, elimu ilikua upesi. Joseph Toynbee wa London alipasua masikio ya maiti zaidi ya 1,500 ili kulinganisha yale aliyoyaona kwa wagonjwa walio hai na hali halisi ya mifupa na utando. Adam Politzer wa Vienna alichapisha picha za kiwambo katika hali zake zote, na mwaka 1863 alieleza njia ya kupuliza hewa puani ili kuufungua mrija uliozibwa. Huko Halle, Hermann Schwartze pamoja na msaidizi wake Adolf Eysell waliufufua mwaka 1873 upasuaji wa mfupa wa nyuma ya sikio uliokuwa umezikwa pamoja na von Berger. Ufundi wa kisu ulikuwa umeboreka, lakini kilichoupa upasuaji huo heshima mpya ni masharti yaliyoandikwa: nani afunguliwe na nani asifunguliwe, kwa dalili zipi, katika hatua ipi ya ugonjwa. Kisu kilekile kilichomuua mtu mwaka 1791 kikaanza kuokoa maisha, kwa kuwa sasa kilitanguliwa na uchunguzi.

Wa wakati huohuo alikuwa William Wilde wa Dublin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1853 kuhusu upasuaji wa masikio kilisomwa pande zote za Atlantiki. Wilde alisisitiza kwamba sikio linalotoa usaha haliwezi kuitwa salama hata kama halina maumivu, kwa kuwa hakuna ajuaye mwisho wake. Miaka 47 baadaye mwanawe, mwandishi Oscar Wilde, alifanyiwa upasuaji wa sikio katika chumba cha hoteli mjini Paris mwezi Oktoba 1900, na tarehe 30 Novemba akafariki. Cheti cha madaktari waliomhudumia kilitaja maradhi ya ubongo yaliyotokana na usaha wa muda mrefu wa sikio la kulia. Wapo waliodai baadaye kuwa chanzo kilikuwa kaswende, lakini maelezo ya madaktari wake yanaelekeza sikioni. Kisa hicho kinaonyesha pia mpaka wa hoja ninayoitetea: kutambua hakutoshi pale ambapo hakuna dawa inayoweza kufika mahali palipotambuliwa. Mwaka 1900 ugonjwa wa Wilde ulijulikana vizuri. Kilichokosekana ni cha kuuzuia.

Hapo ndipo linapotokea pingamizi la kwanza, nalo lina uzito. Atasema mtu: kioo na vitabu vya Vienna havikuwaokoa watoto; waliowaokoa ni wavumbuzi wa antibiotiki. Takwimu ziko upande wake. Mwaka 1932 katika hospitali ya Bellevue mjini New York, asilimia 27 ya watoto wote waliolazwa waliletwa na maambukizi makali ya sikio la kati na madhara yake. Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza dawa ya kwanza ya kundi la salfa, na katika miaka ya 1940 penisilini ikawafikia raia. Wodi zilizokuwa zimejaa watoto waliofungwa bandeji nyuma ya masikio zikawa tupu katika kizazi kimoja. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kulidharau jambo hilo. Lakini tazama kilichofuata. Kwa kuwa antibiotiki zilikuwa zinafaa, madaktari waliacha kutazama kwa makini na kuanza kuandika dawa kwa kila sikio linalouma. Mwaka 1981 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na van Buchem walichapisha jaribio lililoonyesha kuwa watoto wengi wenye maambukizi makali walipona bila antibiotiki sawa na waliopewa, na nchi hiyo ikafuata utaratibu wa kupunguza maumivu kwanza na kusubiri kwa uangalizi. Wakati huohuo bakteria walikuwa wanajifunza kustahimili dawa zilizogawiwa ovyo. Penisilini ilishinda vita vya mfupa wa nyuma ya sikio, lakini ilipotumika bila utambuzi ilianza kuwanoa bakteria dhidi ya wanadamu wenyewe.

Sikio la nje linatoa ushahidi mwingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari waliopelekwa katika visiwa vya joto vya Pasifiki walishambuliwa kwa wingi na maumivu ya mfereji wa sikio. Imani iliyotawala ni kwamba chanzo ni fangasi, na dawa zilitolewa kulingana na imani hiyo. Usaha ulipopelekwa maabara, ilionekana kuwa mara nyingi chanzo kilikuwa bakteria, hasa wale wanaopenda maji na unyevu, wa jamii ya Pseudomonas. Daktari Ben Senturia wa Marekani alikuwa miongoni mwa waliolifanyia kazi jambo hilo, na tiba ikabadilika: kusafisha mfereji, kuukausha, kuurudishia uchachu wake wa asili, na kutumia matone yanayolenga bakteria. Vidonge vya kumeza havihitajiki kwa maambukizi mengi ya aina hii. Kuna alama moja ya kumtofautisha mgonjwa huyu na mwenye maambukizi ya sikio la kati: ukivuta ndewe au ukibonyeza kinundu cha mbele ya tundu na maumivu yakazidi sana, ugonjwa uwezekano mkubwa umo mferejini. Hata hapo lazima mtu aulizwe kuhusu kisukari. Mwaka 1968 daktari wa Marekani aitwaye Chandler alieleza jinsi maambukizi ya mfereji kwa wazee wenye kisukari yanavyoweza kupenya hadi mfupa wa chini ya fuvu na kuua. Maumivu ni yaleyale. Hatari ni tofauti kabisa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki historia hii imeacha alama kwenye mwongozo wa matibabu ya watoto ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutayarisha katika miaka ya 1990, na ambao Tanzania ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuutumia. Mwongozo huo ulitungwa kwa ajili ya zahanati zisizo na chombo cha kutazamia sikio. Mhudumu anauliza: je, sikio linauma? Linatoa usaha? Tangu lini? Kisha anagusa nyuma ya ndewe. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dharura, mtoto apelekwe hospitali mara moja. Usaha wa chini ya siku 14 ni maambukizi makali, anapewa antibiotiki. Usaha wa siku 14 au zaidi ni maambukizi sugu, na hapo mwanzo tiba yake ilikuwa kulikausha sikio kwa utambi. Mama anafundishwa kuchukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kukisokota kiwe utambi mwembamba, kuuingiza taratibu, kusubiri ulowe, kuutoa, kuweka mwingine mkavu, na kuendelea hivyo hadi utambi utoke mkavu, mara tatu kwa siku. Hakuna pamba inayoachwa ndani, hakuna maji wala mafuta yanayoingia. Mtu anaweza kunipinga kwa kutumia mwongozo huuhuu: tazama, watoto wanatibiwa bila kioo! Lakini siku 14 ni nini kama si njia ya kutambua? Mwongozo ule unakataa kutoa dawa kabla ya maswali kujibiwa, na hilo ndilo alilolifanya Schwartze alipoandika masharti yake.

Tena Afrika Mashariki haikupokea tu, ilisahihisha. Katika wilaya ya Kiambu nchini Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto 524 wa shule za msingi wenye masikio yanayotoa usaha sugu, na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Kundi moja lilikaushwa masikio na kupewa antibiotiki za kumeza pamoja na matone, la pili lilikaushwa tu, la tatu halikupewa tiba maalumu. Baada ya wiki 16 usaha ulikuwa umekoma kwa asilimia 51 ya kundi la kwanza. Katika kundi la pili ulikoma kwa asilimia 22, na katika la tatu asilimia 22 vilevile. Kukausha peke yake, jambo ambalo mama wengi walifundishwa kwa bidii, hakukuwa na tofauti na kutofanya chochote. Mwaka 2005 jaribio jingine la magharibi mwa Kenya, lililohusisha zaidi ya watoto 400, lililinganisha matone ya ciprofloxacin na matone ya asidi ya boriki. Baada ya wiki mbili usaha ulikoma kwa asilimia 59 ya waliopata ciprofloxacin na asilimia 32 ya waliopata asidi ya boriki. Tokea hapo inajulikana kwamba sikio sugu linahitaji yote mawili: likaushwe ili dawa ifike, kisha dawa yenye nguvu itiwe mahali penyewe. Mtoto anayepewa vidonge vya kumeza peke yake mwaka hadi mwaka anapoteza muda, kwa sababu dawa ya damuni haifiki vizuri katika usaha uliotuama nyuma ya tundu. Na aina ya matone nayo ni muhimu. Matone yenye gentamicin yanaweza kuharibu usikivu yakipita kwenye kiwambo kilichotoboka. Yale ya kundi la ciprofloxacin hayana hatari hiyo. Bila kujua kama kiwambo kimetoboka, anayeuza matone anacheza bahati nasibu na usikivu wa mtoto wa mwenzake.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaotetea mila: bibi zetu walitia mafuta na maziwa, na watoto wakapona. Heshima ya wazee haihitaji kukanushwa ili jibu litolewe. Walipona kwa sababu nilizokwisha kueleza, yaani wengi wangepona hata bila kutiwa kitu. Ambao hatuwahesabu ni wale ambao maziwa yaligeuka chakula cha vijidudu kwenye mfereji, au mafuta yalipita kwenye tundu hadi sikio la kati, na ambao baadaye waliitwa wazito wa kusikia, wavivu darasani, watoto wasiojibu wakiitwa. Wazee walifanya kwa kile walichokuwa nacho. Walikuwa na upendo na hawakuwa na mwanga wa kuona ndani. Sisi tunao, kwa hiyo udhuru wao si udhuru wetu.

Pingamizi la tatu ni la fedha. Mabingwa wa masikio ni wachache na wamejikusanya mijini. Hospitali nyingi za wilaya hazina hata mmoja. Ni kweli, lakini historia yenyewe inajibu. Hofmann hakuwa bingwa wa chuo kikuu, alikuwa daktari wa mji mdogo mwenye kioo na dirisha. Kurunzi ya kutazamia sikio leo ni chombo cha mkononi kinachodumu miaka mingi, na zipo zinazochajiwa kwa nishati ya jua. Muuguzi au tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa kutofautisha kiwambo kizima, kilichovimba na kilichotoboka. Hiyo ni elimu ya siku chache. Kinachogharimu zaidi ni kutotazama: dozi za antibiotiki zisizohitajika, safari za kurudiarudia, mtoto anayerudia darasa kwa kutosikia, na mgonjwa anayefikishwa hospitali ya rufaa usaha ukiwa umeshagusa ubongo. Vivyo hivyo kinga ni nafuu. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa nimonia mwaka 2011, na Tanzania ikafuata mwanzoni mwa 2013. Bakteria haohao ni miongoni mwa wanaoshambulia sikio la kati. Kunyonyesha, kumwepusha mtoto na moshi wa jikoni na wa sigara, na kutomlaza chali akinywa maziwa ya chupa, yote hayo hupunguza maambukizi.

Hukumu ya historia hii basi ni wazi. Kutoka Misri ya Ebers hadi Kiambu, dawa imekuwa rafiki pale tu ilipomfuata anayetazama. Kila zahanati nchini inastahili kuwa na kurunzi ya sikio na mtu anayejua kuitumia, na kila duka la dawa linapaswa kuacha kuuza matone kwa sikio ambalo halijachunguzwa. Kwako mzazi: sikio la mtoto likitoa usaha, usitie mafuta, maziwa wala kijiti. Mpeleke akatazamwe. Usaha ukizidi wiki mbili, usikubali kuambiwa utaisha akikua, omba rufaa. Na ukiona uvimbe nyuma ya ndewe, homa kali, shingo kukakamaa au uso kupinda upande mmoja, usingoje kesho: mfikishe hospitali siku hiyohiyo.